Doa la Rukanga

Siku Njukini ilipozama, Obadiah alichemsha chai ya watu wote.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Voi mjini, na kutwa nzima kelele za mabati yakikatwa zilipanda mpaka kwenye viti vyao. Kazi yao ilikuwa kutazama picha za setilaiti za upande wa kusini kabisa wa dunia, kule ambako bahari huganda ikawa uwanja mweupe usio na mwisho. Juu ya uwanja huo pengwini wakubwa huatamia na kulea. Pengwini mwenyewe hutamwona, picha imepigwa kutoka mbali mno. Utakachoona ni kinyesi. Kundi likikaa mahali pamoja barafu huchafuka, likatokea doa la kahawia kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Wao walilitafuta doa, wakalizungushia mstari, wakachagua jibu: wapo, hawapo, au wamehama.

Asubuhi kabla ya yote walipangusa skrini kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi jekundu la Voi halina adabu. Obadiah, wiki yake ya kwanza, aliizungushia mstari punje ya vumbi akaripoti kundi jipya la pengwini. Mpaka leo kundi hilo linaitwa Maungu, na kila mgeni huambiwa alitafute.

Mteja alikuwa ng'ambo, naye aliyapa makundi namba. Namba hazina ladha. Kwa hiyo kila mfanyakazi alipewa kundi lake la kufuatilia, akalibatiza jina la kwao. Kulikuwa na Mboghoni, kulikuwa na Mwatate, kulikuwa na Njukini ya Obadiah. Barafu ya mtu ikivunjika kabla vifaranga hawajakomaa, mwenye kijiji ndiye mfiwa. Anachemsha chai, wenzake wanampa pole, wanakunywa wakicheka. Waliiita chai ya matanga.

"Pole sana, Obadiah," alisema Gibson, msimamizi wao, kijana mwenye shati lililopigwa pasi kali na ulimi uliopigwa pasi kali zaidi. "Mmezika wangapi huko kwenu?"

"Wote, bosi. Hata pasta ameenda na maji."

"Ongeza sukari basi. Marehemu walipenda sukari."

Walicheka mpaka wa mwisho mezani. Loise alicheka pamoja nao. Kisha akahisi blauzi ikilowa, akavuta leso kifuani na kwenda chooni. Alikamua maziwa kwenye sinki, akafungulia bomba juu yake ili asiyaone yakienda. Alikuwa bado anakamua mlango ulipopigwa kofi.

"Loise! Huyo ng'ombe wako anakamuliwa mara ngapi kwa siku?"

Kicheko tena, cha upande wa pili wa mlango. Loise aliendelea kukamua.

Mwenye maziwa hayo alikuwa kijijini Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Daisy, binti yake. Loise alimwacha kwa mama mkwe mtoto akiwa amejua kukaa tu, hajajua kutambaa, akashuka Voi kwa ajili ya kazi hii. Kompyuta alijifunza kwenye masomo ya jioni akiwa na mimba, tumbo likigusa meza, mwalimu akimtania kwamba wanafunzi ni wawili na karo ni moja. Alipoitwa kazini alilia kwa furaha. Hakuwa ameambiwa kwamba ni kibarua, kinachoweza kukatwa wakati wowote.

Mumewe, Sylus, alifanya kazi kwenye ghala Mombasa na alizungumza kwa simu kama mtu anayetoa maagizo ya mzigo. "Ukipata ya kudumu, mtoto ni wako, mshukishe Voi. Ukikosa, hii mambo ya Voi iishe. Unarudi kwa mama, na mtoto anabaki kwa mkono wa mama. Mjukuu wake hawezi kulelewa na kibarua."

Basi kila picha aliyoifungua, Loise aliifungua kwa sababu hiyo. Kundi lake alilipa jina la Rukanga.

Aliyempa leso ya pili siku ya kwanza maziwa yalipomwaibisha alikuwa Nthambi. Walikaa meza moja, kila mtu na skrini yake, ubao mwembamba katikati. Ndivyo kazi ilivyopangwa: watu wawili, picha ileile, bila kusemezana. Majibu yakilingana, mashine inayapokea. Yakipingana, picha inapelekwa kwa mwamuzi wa mteja huko ng'ambo, na aliyekosea anapunguziwa alama. Alama zikishuka, mtu anaondoka. Kwa hiyo watu wa ofisi ile walikuwa wamejifunza kukubaliana kabla ya kuona. Waligonga. Kidole chini ya meza: moja, wapo. Mbili, hawapo. Tatu, wamehama. Gibson alijua, na alijifanya hajui, kwa sababu meza zinazokubaliana zilimpa sifa.

"Kwanza nilikuwa naona haya," Loise alimwambia Nthambi siku moja wakila viazi karai kwenye ngazi za nje. "Kama naibia mtihani."

"Mtihani gani? Wewe gonga. Mimi na wewe tukigonga pamoja hatuanguki hata kama pengwini wote wataanguka."

Nthambi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekaa naye papo hapo mjini, akimwacha asubuhi kwa jirani. Alikuwa na baba wa mtoto pia, lakini huyo, kwa maneno yake, alishahama bila kuacha hata doa. Loise alimpenda kwa kusema mambo kama hayo. Alimweleza kila kitu: Daisy, mama mkwe, maagizo ya Sylus. Alimweleza hata juu ya Mwanaesha, mwenye nyumba wake, mama wa Kiislamu wa ukoo wa pwani, aliyemwambia, "Mwana wako mlete kwangu mchana, mwanangu. Wajukuu wangu wote wamekwenda Mombasa, nyumba yanizomea."

Mwezi wa kumi ulipoanza Gibson aliwasimamisha wote.

"Mteja anapunguza. Msimu ukiisha, kila meza inabaki na mtu mmoja. Huyo anaandikwa kazi ya kudumu. Mwingine tunampa mkono wa kwaheri na soda."

 Chini, mtu aliangusha bomba la chuma.

"Na waliolingana alama?" Obadiah aliuliza.

"Hao nitawarushia shilingi hewani. Kichwa au ngao."

Siku hiyo Nthambi alimshika Loise mkono kwenye ngazi. "Usiogope. Tunagonga mpaka mwisho. Tukilingana kabisa, nani ataweza kututenganisha? Watatubakisha wote, utaona." Loise aliona, kwa sababu alitaka kuona.

Jumapili iliyofuata alipanda Rukanga. Daisy alikuwa ameanza kutambaa. Loise alichuchumaa mlangoni akamnyooshea mikono, na mtoto akamtazama, akamtazama tena, kisha akageuka akatambaa mbio mpaka kwenye kanga ya nyanya yake na kuficha uso humo.

"Amekusahau," mama mkwe alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesema mvua imekatika.

"Anaona haya kidogo tu, mama."

"Watoto hawana haya. Wana tumbo. Anayewalisha ndiye wanamjua."

Jioni, akisubiri gari kando ya barabara, Loise alitazama bondeni. Wafugaji waliokodi malisho kwenye ranchi walikuwa wamehamisha boma. Lile la zamani lilibaki kama duara jeusi la samadi katikati ya vichaka, na kando yake, mbali kidogo, duara jipya lilikuwa limeanza kuingia rangi. Tangu utotoni, akipanda mlimani kuokota kuni, alizoea kulitafuta hilo la pili. Ukiliona la zamani limekauka huhitaji kuogopa. Unatazama kando tu. Wako pale.

Alimsimulia Nthambi kesho yake. "Wanyama ni walewale," alisema. "Hawafi tu hivi hivi. Wanahama."

"Kweli," Nthambi alisema, akifuta vidole mafuta. "Wanahama."

Ni Gibson aliyemtoa Loise kwenye ndoto hiyo, au aliyejaribu. Loise alimuuliza, mbele ya watu, kile ambacho hakuna aliyewahi kuuliza: vifaranga huwa wanakuwaje hasa barafu ikivunjika mapema?

Gibson alilifurahia swali. Alivuta kiti. "Mzazi ana manyoya ya kuzuia maji, sawa? Kifaranga ana yale ya utoto, laini kama sufi. Hayo yanalowa. Barafu inapasuka chini ya miguu yake, anaingia majini, yale manyoya yanakunywa maji kama godoro, anaanza kuwa mzito. Anapiga piga. Mama yuko pale, anaogelea vizuri kabisa, anamzunguka. Hana mikono ya kumbeba. Na yule ambaye hakuanguka anabaki kwenye kipande kinachoelea, anaganda. Mama anazunguka, halafu anachoka, anaenda kutafuta samaki." Akapiga makofi mawili. "Ndiyo hiyo. Barafu ikishikilia mpaka Krismasi, manyoya yamebadilika, wameokoka. Ikivunjika kabla, chai."

"Bosi, umemliza," Obadiah alisema.

"Analia maziwa huyo. Hata kwa macho yanatoka."

Kutoka siku hiyo Loise aliitazama Rukanga kwa namna nyingine. Doa lake lilikuwa kwenye ghuba ndogo, limeshikiliwa na barafu iliyokamatana na nchi kavu, na ukingo wa mbele ulikuwa mrefu, umenyooka, mzuri. Kila picha mpya alihesabu kichwani umbali kati ya doa na bahari. Maziwa yake yalikuwa yanapungua. Leso ya pili aliirudisha, imefuliwa na kukunjwa. Alipopiga simu nyumbani, mama mkwe alimwekea Daisy sikioni, na kilichosikika ni pumzi tu, na kuku.

Mwezi wa kumi na moja ulipoingia, ufa ulitokea. Ulikuwa mwembamba kama unywele ulioanguka kwenye karatasi. Loise aliipangusa skrini. Haukutoka.

Kisha yakaja mawingu. Picha baada ya picha, weupe juu ya weupe, na picha ya mawingu haina jibu, haihitaji kugonga. Ofisini waliimba. "Rukanga wamejifungia ndani." "Wanaogopa chai." Obadiah alileta tangawizi akaiweka juu ya meza ya Loise, imefungwa kwenye gazeti, kama rambirambi iliyowahi. Loise aliipokea kwa mikono miwili akacheka.

Mawingu yalipofunguka ilikuwa katikati ya asubuhi. Nusu ya mbele ya ghuba haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maji meusi na vipande vilivyotawanyika. Doa lilikuwa limekatwa: ukingo wake mmoja wa kahawia ulibaki kwenye barafu iliyosalia, mwembamba, kama kisahani kilichovunjika. Loise aliweka kiganja mdomoni. Jibu lilikuwa hawapo. Alilijua. Alikisogeza kipanya.

Kisha akaona. Ndani zaidi, karibu na nchi kavu, penye barafu nzima, palikuwa na alama ndogo hafifu, nyeusi-nyeusi. Kwenye picha ya kabla ya mawingu haikuwepo. Alichukua kitambaa akapangusa skrini. Ilibaki. Akapangusa tena kwa ncha ya kanga yake iliyokuwa mkobani. Ilibaki.

Wamehama, aliwaza, na kifua kikamjaa kama vile maziwa yamerudi. Wameona ufa, wakaondoka. Wako pale kando.

Lakini mwongozo wa kazi ulisema wazi: usiandike wamehama kwa picha moja. Subiri ya pili. Kama huna ya pili, andika unachokijua. Alikaa na kipanya mkononi, na picha ilikuwa na muda wake wa kutumwa, ukienda. Akasikiliza chini ya meza.

Kidole cha Nthambi kiligonga. Moja. Mbili. Kikatulia kidogo, kana kwamba nacho kinafikiria.

Tatu.

Loise angemkumbatia kupitia ule ubao. Kama Nthambi naye ameiona, basi si yeye peke yake, si maziwa wala Daisy yanayomdanganya macho. Alichagua wamehama, akatuma.

Skrini ikawa nyekundu. Majibu yanapingana. Picha imepelekwa kwa mwamuzi.

Kwanza alifikiri mashine imeharibika. Aliinuka, akachungulia juu ya ubao. Nthambi hakuinua uso. Kwenye skrini yake jibu lilikuwa bado limeandikwa: hawapo.

Saa ya chakula Nthambi hakukimbia. Alikaa kwenye ngazi zilezile, na sahani ya viazi magotini, nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.

"Uligonga tatu," Loise alisema, amesimama.

"Niligonga tatu."

"Ukaandika mbili."

"Ndiyo."

"Nthambi. Kwa nini?"

"Keti basi, usinisimamie kama polisi." Loise hakuketi. Nthambi aliweka kiazi chini. "Ungeandika hawapo kama mimi, tungelingana, na Gibson angerusha shilingi. Mimi siwezi kumweka mtoto wangu juu ya shilingi. Ningegonga mbili ungeandika mbili. Nikajua ukisikia tatu utaamini, kwa sababu ulishaniambia habari za boma."

"Nilikwambia kama dada."

"Na mimi nilisikiliza kama dada. Sasa sikiza na wewe. Wangu kila asubuhi ananishika sketi, analia mpaka anatapika. Wako alitambaa akakukimbia, umeniambia mwenyewe. Ameshazoea. Kati ya sisi wawili, ni nani akirudi nyumbani mikono mitupu mtoto wake ataumia? Wako hata hatajua kuna kitu amekosa."

 Nthambi alimtazama usoni, bila chuki. Hilo ndilo lililomchoma Loise kupita yote: hapakuwa na chuki ya kuishika.

"Na kama kweli wamehama?" Loise alisema.

"Basi mimi ndiye nitaenda. Nimekubali. Lakini hawajahama, Loise. Hicho ni kivuli."

Mwamuzi wa ng'ambo alijibu kabla ya jioni. Hakuamua. Alisema alama ile inatia shaka na kwamba picha ijayo iliyo wazi ndiyo itakayokata shauri. Gibson aliisoma kwa sauti, akasugua mikono. "Jamani, tuna fainali."

Siku zilizofuata ofisi iligawanyika. Watu waliwekeana dau la soda. Wengi walikuwa upande wa Nthambi, kwa sababu mwongozo ulikuwa upande wake. Obadiah alisimama na Loise. "Njukini na Rukanga ni ndugu wa msiba," alisema. "Siwezi kumwacha." Mtu alichora pengwini kwenye ubao mweupe, amebeba mkoba na mtoto mgongoni, na chini yake akaandika: Loise anahama. Hakuna aliyemfuta. Loise mwenyewe, alipopita, alimtazama yule mtoto wa mgongoni. Alikuwa amechorwa vizuri.

Nyumbani Mwanaesha alikuwa ameshatoa kitanda kidogo cha wajukuu na kukipangusa. "Siku hizi nakuombea dua," alimwambia. "Wewe na hao ndege wako."

"Niombee barafu, bibi."

"Barafu?" Mwanaesha alicheka kidogo, kisha akaona Loise hacheki. "Haya. Barafu pia ni ya Mungu."

Na Loise aliomba hivyo hivyo, kanisani, kitandani, akiosha vyombo. Hakuwa anajua tena anamwombea nani. Kama vifaranga wako hai, Daisy anashuka Voi. Vilikuwa vimeshikamana, vile viwili, na yeye hakuvishikamanisha. Aliwaza doa lile hafifu likikolea, likiingia rangi siku hadi siku kama boma jipya bondeni, wazazi wakirudi kutoka baharini na samaki, kila mmoja akiita, kila mmoja akiitikiwa na wake. Wanatambuana kwa sauti, alikuwa amesoma. Hata mzazi akikawia huko majini, akirudi akaita, mtoto anajua.

Picha ilifika siku ya jua kali. Hapakuwa na wingu huku wala kule. Gibson aliiunganisha na televisheni ya ukutani, ile ya kutazamia mpira, akawaita wote wasimame nyuma ya viti. "Wahusika mbele," alisema, na Loise na Nthambi wakasimama bega kwa bega mbele ya watu. Nthambi alikuwa anapumua kwa mdomo. Kwa mara ya kwanza Loise aliona kwamba naye ameogopa.

Picha ikafunguka.

Ghuba yote ilikuwa nyeusi. Maji, laini, matupu, mpaka kwenye miamba. Hapakuwa na doa la zamani. Hapakuwa na doa jipya. Hapakuwa hata na barafu ya kuchafuliwa. Mahali palipokuwa na ile alama hafifu mwamuzi alikuwa ameweka mshale na maneno machache, na Gibson akayatafsiri kwa raha: kivuli cha wingu lililokuwa likipita. Hawapo. Hawakuhama.

  Gibson akapiga makofi mawili.

"Basi, wapendwa. Rukanga imelala. Mfiwa, jikoni."

Loise alienda. Alikata tangawizi ya Obadiah, akachemsha maji, akatia majani, maziwa ya pakiti, sukari nyingi. Aliitazama ikipanda na kuipunguzia moto kabla haijamwagika. Alimimina vikombe vyote na kuvipeleka mezani kimoja kimoja, kama ilivyo desturi, na kila mmoja akasema pole sana, mama Rukanga, na wengine walicheka, na wengine walitazama chini. Cha mwisho kilikuwa cha Nthambi.

"Asante," Nthambi alisema. Akakinywa chote hadi mwisho.

"Kawaida mfiwa anachemsha wiki nzima," Gibson alisema, akiinua kikombe. "Wewe tumekusamehe. Leo ndiyo siku yako ya mwisho." Alisubiri kicheko, na kicheko kikaja, kidogo. Akampa soda.

Mwanaesha alimkuta anakunja nguo.  Alikitazama kile kitanda kidogo, akakivuta mpaka ukutani na kukitandika shuka. "Takiacha papa hapa," alisema. "Siku utakayomleta, atakikuta."

Rukanga mvua ilikuwa imepita. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua kunde, na Daisy alikuwa amesimama, ameshika goti lake. Amesimama! Hakuna aliyempigia Loise simu kumwambia.

"Amesimama lini, mama?"

"Ah, zamani. Na hatua ameshapiga. Karibu." Mama mkwe alimgeuza mtoto kwa kiganja. "Daisy, salimia anti."

Loise aliuweka mkoba chini. "Mama, mimi ni mamake."

"Mimi najua. Yeye ndiye hajui." Akaokota jiwe kutoka kwenye kunde, akalitupa uani. "Sylus amenipigia. Chumba cha nyuma kipo, toa tu magunia. Lakini mtoto analala kwangu. Akishtuka ananitaka mimi. Usije ukamsumbua."

 Loise alishuka kibarazani, akakaa chini uani, hatua chache kutoka kwao, mikono magotini. Hakuinyoosha. Bondeni lile boma jeusi lilikuwa bado linaonekana, kavu, na lile la pili pia lilikuwa limeachwa. Alitazama kando, kulia na kushoto, kutafuta la tatu. Vichaka vilikuwa vimeota majani mengi. Hakuliona.

Daisy aliangalia mkoba. Akaangalia viatu vyenye vumbi. Akamwangalia usoni. Loise aliita jina lake, mara moja tu, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwimbia tumboni enzi za masomo ya jioni. Mtoto aliliachia goti. Alisimama peke yake, akayumba, kisha akalidaka goti tena na kulikumbatia.

"Umeona?" mama mkwe alisema. "Hakutaki."

"Kwa picha moja huwezi kusema, mama."

"Picha gani?"

Loise alivua viatu, akavisogeza kando, akakunja miguu chini yake. Alibaki pale pale, akisubiri ya pili.